Kufanya tiba kazi nyumbani kwa mgonjwa: unaanzaje na uangalie nini

Nina miaka kadhaa sasa nazunguka majumbani kwa wagonjwa hapa Dar, Mbagala, Tandika, Tandale, Kimara, mpaka Kigamboni kwa pantoni, na kila mwaka vijana wakimaliza diploma ya tiba kazi (occupational therapy, yaani kumsaidia mgonjwa arudi kufanya shughuli zake za kila siku, kula, kuoga, kuvaa) pale KCMC Moshi lazima wawili watatu wanitafute na swali lile lile, dada, mgonjwa wa nyumbani unamuanzaje? Maana chuoni na wodini unafundishwa vizuri ila siku ya kwanza ukipiga hodi kwenye nyumba ya mtu ukiwa peke yako na begi lako unajikuta hujui hata ukae wapi. Nimeona niandike yote kwa pamoja, natumaini itasaidia na ndugu wanaouguza.

Kitu cha kwanza kabisa ni hesabu ndogo. Wiki ina saa 168. Wewe utaenda mara moja, ukae saa moja. Zinabaki saa 167 haupo, na hizo ndo zinazoamua kama mgonjwa atainuka au atabaki pale pale. Kwa hiyo kila utakachofanya kipange kwa ajili ya hizo saa 167, sio kwa ajili ya ile moja yako. Mimi kabla sijaelewa hili nilikuwa natoa jasho kweli kweli, namnyoosha mgonjwa mwenyewe, namkalisha mwenyewe, namsimamisha mwenyewe, familia wamekaa pembeni wanaangalia wanasema jamani dada anajituma, alafu wiki inayofuata nakuta mgonjwa hajatolewa kitandani tangu niondoke.

Kabla hujatoka kwako

Piga simu, na usiridhike na aliyekupigia. Mara nyingi anayekutafuta na atakayekulipa ni mtoto mkubwa ambaye yuko kazini Posta au yuko Oman huko anatuma hela, huyo hajui mama anaenda chooni saa ngapi. Anayemhudumia ni mwingine kabisa, dada wa kazi, au mjukuu wa kidato cha pili, au mke ambaye naye ana sukari na magoti yanamuuma. Uliza: mchana anabaki na nani? Alafu omba huyo huyo awepo siku utakayofika, asitumwe sokoni. Uliza choo kiko ndani au uani, cha kukaa au cha kuchuchumaa, maji ya bomba au ya ndoo, mlangoni kuna ngazi ngapi. Ukishajua hayo unajua ubebe nini.

Begi langu halina makubwa: futi ya fundi ya kupimia, mashine ya presha, glavu, mkasi, velkro (ule utepe wa kunasana badala ya vifungo), kamba, vipande vya sponji ya godoro, mkanda mpana wa kitambaa kizito wa kumfunga mgonjwa kiunoni wakati wa kumuinua, na daftari. Vaa viatu rahisi kuvua maana utavua mlangoni, na nguo ambayo utakaa nayo kwenye mkeka bila kuhangaika, mi huwa nabeba khanga moja ya ziada.

Ukishafika

Piga hodi, subiri, ingia, amkia wote, alafu mgonjwa umuamkie yeye kwa jina lake la heshima hata kama kiharusi kimemchukua ulimi. Hapa watu wanakosea sana. Unakuta mzee alikuwa ndo kauli ya mwisho kwenye ile nyumba, leo wageni wanaingia wanaongea juu ya kichwa chake, "anakula?" "analala?" kama hayupo. Wewe kaa usawa wa macho yake, shikamoo baba, mimi fulani, nimekuja tusaidiane. Alafu nyamaza. Mpe muda, anaweza kuchukua nusu dakika nzima kutoa "marahaba", au akakubana mkono tu, hiyo ni marahaba pia, ipokee.

Ukikaribishwa chai kunywa hata funda mbili. Usimguse mgonjwa dakika kumi za kwanza, yaani usianze kukunja mikono ya watu hata hujajua wanaitwa nani. Hizo dakika kumi unatumia macho: kitanda kinagusa ukuta upande gani, kuna mkeka unaoteleza, mwanga unaingia wapi, kiti cha mgonjwa kina mikono au hakina, glasi ya maji wameiweka upande anaoufikia au upande uliokufa.

Sa kwenye maswali. Chuoni tumefundishwa kipimo cha Barthel, cha mwaka 1965, cha kupima mgonjwa anajiweza kiasi gani, mambo kumi, kula, kuoga, kuvaa, choo, kuhama kitandani na kadhalika, na mi nakitumia kwa sababu daktari akisoma namba anaelewa. Ila angalia, Barthel anakuuliza kuhusu kupanda ngazi, na mgonjwa wangu wa Mbagala nyumba yake ni ya chini haina hata ngazi moja, shida yake ni mchanga na mtaro wa maji machafu uliopita kati ya mlango na choo. Hilo halimo kwenye fomu. Hata kuchuchumaa halimo, kuchota maji halimo, kukaa chini kwenye mkeka na kuinuka halimo. Hayo inabidi uyaongeze mwenyewe.

Swali langu kubwa huwa ni moja tu: nielezee jana. Ulivyoamka ulifanyaje, alafu ikawaje, mpaka unalala. Ukiuliza "una shida gani" utajibiwa mkono hauna nguvu, mguu hauna nguvu. Ukiuliza jana utasikia kwamba aliamka saa 11 akabanwa na mkojo akasubiri mpaka saa 1 mjukuu aamke. Ndo umeshapata kazi ya kuanza nayo. Kuna kile kipimo cha Wakanada, COPM, cha mwaka 1991, mgonjwa anataja mwenyewe mambo yanayomuuma alafu anayapa alama 1 mpaka 10, anavyoyaweza na anavyoridhika nayo, kile kizuri sana kwa nyumbani hata usipokuwa na fomu, tumia punje za maharage kumi umwekee mezani asogeze.

Alafu, na hili naomba ulishike, tafuta dakika tano uongee na mgonjwa wengine wakiwa nje. Tuma mtu maji ya kunywa kama ni lazima.

Mama aliyeacha kula

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu maana umenifundisha kuliko semina zote. Mama wa makamo, Mswahili wa pwani, kiharusi kimempiga upande wa kulia. Watoto wananiambia tunataka mama atembee. Anaongea vizuri, ila amekonda, wakasema hana hamu ya kula, wamemnunulia mpaka dawa za kuongeza hamu. Basi nikamwambia mwanae akaniletee ndoo, tukabaki wawili, nikamuuliza jana. Akaniambia taratibu, mwanangu, mkono wa kulia umekufa, wa kushoto ndo huo huo naendea chooni, niutie kwenye sinia nao wakiniona? Kumbe alikuwa anasema nimeshiba, usiku wakilala anachukua kiporo na kijiko anakula gizani.

Hakuna zoezi la bega linalotibu hilo. Kwa hiyo tukaanza chooni, hatukuanza mezani. Tulichukua chupa ya maji ya plastiki, ile laini ya lita moja, tukatoboa kifuniko kwa msumari wa moto matundu matatu, maji vuguvugu, anaibana kwa mkono wa kushoto na maji yanatoka kwa nguvu yanasafisha bila vidole kugusa, alafu karatasi. Alifanya mazoezi ya kuibana juu ya ndoo kwanza akiwa amekaa na nguo zake, tukicheka. Ya kwanza ilikuwa ngumu mkono ukachoka, tukabadilisha chupa.

Baadae mezani. Kijiko tulikivisha sponji kikawa kinene kwa sababu mkono wa kushoto haujazoea na kinateleza. Chini ya sahani kitambaa kibichi kilichokamuliwa, sahani haikimbii. Mkono wa kulia tuliupandisha mezani ukae pembeni ya sahani kama unaishikilia, hata kama hauna nguvu, usiachwe unaning'inia mapajani, maana ukiusahau nao unasahaulika. Na kabla ya kula mjukuu analeta birika na bakuli la kunawia, bibi ananawa mkono wa kushoto kwa sabuni mbele ya wote. Suala la dini mi sikuligusa, sio kazi yangu, nilimwomba mwanae amuulize ustadhi wao, na ustadhi akamwambia mwenye udhuru hana kosa akila kwa kushoto. Hilo neno lilifanya kazi ambayo mimi na sponji zangu tusingeweza. Ziara ya nne nilimkuta amekaa sebuleni na wenzie, sahani yake pembeni ya sinia, anagombana na mjukuu kuhusu kipande cha samaki.

Na kutembea? Tulikuja kutembea. Ila mtu aliyekula ndo anatembea.

Kosa nililolifanya mimi

Mzee mmoja nyumba ya kupanga, choo cha kuchuchumaa uani, wapangaji sita. Hawezi kuchuchumaa. Nikachukua kiti cha plastiki nikakata tundu katikati, nikakiweka juu ya shimo, nikafurahi, nikapiga picha nikaondoka. Wiki ilofuata mzee amechubuka paja na hataki kunisikia. Kumbe wapangaji wengine walikuwa wanakitoa kila wakiingia (haki yao, choo ni cha wote), mara kirudishwe mara kisirudishwe, na siku moja kimerudishwa vibaya mguu mmoja uko kwenye kigae kilicholowa, kikateleza. Na lile tundu nililokata lilikuwa limekidhoofisha kiti, kilianza kupasuka.

Sa hivi nafanya hivi: ongea na wapangaji kwanza, mgonjwa akiwa ameridhia, uwaeleze kwa adabu. Kiti akitengeneze fundi seremala, cha mbao, chenye mikono, urefu upime kutoka nyuma ya goti mpaka chini akiwa amevaa ndala zake, mara nyingi inakuja sentimita 40 mpaka 45. Kama hela hamna kabisa na lazima iwe plastiki basi viti viwili vilivyopachikana, sio kimoja, kingo za tundu uzisugue na uzifunike, na ukae wewe kwanza juu yake ujitikise. Miguu ivae mpira wa tairi kuukuu. Kiti kinakaa chumbani kwa mgonjwa, anapelekewa na kurudishiwa, na usiku kinatumika hapo hapo chumbani na ndoo yenye mfuniko chini yake. Usiku hakuna kwenda uani, wengi wanaanguka hapo.

Kumfundisha anayemhudumia

Ukipata saa moja, robo tatu iwe yake. Kwa wa kiharusi nafundisha vitu vichache ila navirudia mpaka anifanyie mimi, simwachi kwa kusema "nimeelewa dada", namwambia nionyeshe, mimi ndo mgonjwa leo.

La kwanza ni bega. Usimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza, usimnyanyue kwa makwapa. Misuli iliyokuwa inashikilia lile bega imelegea, mfupa unashuka, ukivuta unaumia na maumivu yake yanakaa miezi. Kama unataka kujua nimeanzia wapi kwenye kila nyumba, ni hapo, kwa sababu kila nyumba naikuta inavuta.

Kumuinua: asogee mbele ukingoni mwa kitanda, miguu yote chini na visigino vimerudi nyuma kidogo, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, wewe umeziba goti lake bovu kwa goti lako, umeshika mkanda kiunoni, moja mbili tatu. Akiinama vya kutosha makalio yananyanyuka yenyewe, hata yule mjukuu mwembamba anamuweza babu yake. Bila kuinama hata wanaume wawili wataumia migongo.

Kuvaa: upande mbovu unaanza kuvaa, upande mzima unaanza kuvua. Imbeni kama wimbo. Kwa akina mama khanga ya kujifunga inataka mikono miwili, kwa hiyo mpelekee fundi cherehani ashone velkro pana, au dera ambalo ndo rahisi zaidi. Kwa jikoni, ubao wenye misumari miwili imechomoza unashika kitunguu au kiazi wakati mkono mmoja unamenya, uoshwe na uwekwe mbali na watoto.

Kulisha: akae wima, kidevu kishuke kidogo, sio kichwa kimelala nyuma kwenye mto anamiminiwa uji. Akikohoa kila akimeza au sauti ikawa kama ina maji ndani, simamisha arudi hospitali waangalie umezaji wake.

Watakuuliza kuhusu kuchua. Kila familia ina mchuaji, usimtukane mtu wao, ukimtukana wataendelea tu wakufiche. Mimi nasema kuchua taratibu kwa mafuta hakuna ubaya, ila mafuta ya moto hapana na kuvuta viungo hapana, kwa sababu upande ule unaweza usisikie moto na nimeona malengelenge kwa macho yangu. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima. Na ule mpira wa kufinya ambao kila mgeni anakuja nao, kama vidole vimeshaanza kujikunja vyenyewe basi kinachokosekana ni kufungua, sio kufinya. Mpe kikombe kipana ashike na aachie, ashike na aachie.

Kabla ya yote hayo presha. Nikipima nikakuta 180 kwa 110 au zaidi siku hiyo hakuna mazoezi, nampumzisha napima tena, ikigoma anaenda hospitali. Na akiwa na kichwa kikali cha ghafla, mdomo umepinda upya, hapo hapo aende, usisubiri kesho.

Wengine kwa kifupi

Walioumia uti wa mgongo, na siku hizi ni vijana wa bodaboda wengi, adui namba moja ni vidonda vya mgandamizo, vile vinavyotokana na kulala au kukaa mkao mmoja muda mrefu. Kitandani kugeuzwa kila baada ya saa mbili, kwenye kitimwendo kila nusu saa ainame mbele au ajinyanyue dakika moja mbili, na kila jioni ajikague kwa kioo. Mteremko wa mlangoni wa kupitisha kitimwendo, kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 15 ni mteremko wa mita 1.8, mwambie fundi kwa namba maana ukimwachia atakujengea ukuta.

Watoto wenye mtindio wa ubongo, anza na mama. Kaa nae, muulize analala saa ngapi. Alafu kiti: kuna ufundi wa kutengeneza vifaa kwa maboksi, magazeti na uji wa ngano, ulianzia Zimbabwe miaka ya 1970, na kikikauka vizuri na kupakwa rangi kinambeba mtoto miaka. Pima paja, pima mgongo, weka meza mbele. Mtoto aliyekaa vizuri analishika kopo mwenyewe, anaona wenzie wanacheza, na mama anapata mikono yake ya kufanya kazi nyingine.

Kuhusu wewe mwenyewe

Bei useme kwenye simu kabla hujapanda daladala, pamoja na nauli, ukishakunywa chai yao mdomo utakuwa mzito. Masika kuna sehemu hupiti, panga ziara zako ukijua hilo. Nenda mchana, mtu mmoja ajue uko mtaa gani. Majirani watakuuliza yule anaumwa nini, wajibu anaendelea vizuri na upite. Picha omba ruhusa kwa mgonjwa mwenyewe, sio kwa mwanae tu. Na daftari liandike siku hiyo hiyo, hata kwenye daladala, nini mlikubaliana, nani atafanya, saa ngapi.

Kazi za nyumbani usiache kumi. Acha mbili, na uzifunge na kitu wanachofanya tayari, kwa mfano baada ya adhuhuri kabla ya chakula, au taarifa ya habari ikianza. Waandike kwa maneno yao kwenye karatasi ibandikwe ukutani karibu na kalenda.

Ukiona wanajiweza punguza ziara, wiki mbili, alafu mwezi, usikate ghafla. Mi baada ya ziara ya mwisho napiga simu jumapili jioni, wiki ya kwanza na mwezi wa kwanza, na simpigii yule anayelipa. Napiga kwa mjukuu. Namwambia hebu nielezee jana.